Mtoto Aliyemsikilizia Mama Yake: Helena Normanton na Sheria ya Ndoa

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa kwetu, rafiki wa dada yangu, aliniomba nimsindikize kwa wakili hapa London. Treni ilinichelewesha. Nilipofika nilimkuta ameshaingia, na kwa kuwa hakukuwa na mkalimani, bintiye wa miaka 12 ndiye aliyekuwa akimtafsiria. Binti akaniamkia, "Shikamoo mjomba," nikavuta kiti nikakaa nyuma yao.

Mama yule alikuwa ameachwa. Alikuwa ameishi na mumewe miaka 14, wakajaliwa watoto watatu, na nyumba waliyokuwa wakiishi iliandikwa kwa jina la mume peke yake. Ndoa yao ilifungwa hapa hapa London, sebuleni kwa shemeji yake, mbele ya shekhe na mashahidi, pilau likaliwa, watu wakatawanyika. Hawakwenda kuiandikisha serikalini. Wakili alieleza jambo lake pole pole kwa Kiingereza, kisha akanyamaza kumsubiri mtoto.

"Mama," binti akasema, "anasema kwa sheria ya hapa wewe na baba hamkuoana."

"Mwambie mashahidi walikuwepo wawili, na khutba ilisomwa. Mwambie wewe ulikuwa hujazaliwa."

Binti hakutafsiri. Alitazama chini, akaanza kuchezea zipu ya begi lake la shule.

Sijaweza kumsahau mtoto yule. Na nikisema kweli, nilimkumbuka zaidi nilipokuja kusoma habari za mtoto mwingine wa kike, wa umri ule ule, aliyekaa na mama yake mbele ya wakili zaidi ya miaka 100 kabla, katika mji wa Brighton. Mtoto huyo alikuja kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kufanya kazi ya uwakili Uingereza, na wa kwanza kumpatia mteja talaka mahakamani. Jina lake Helena Normanton. Leo naomba niwahadithie maisha yake, kwa sababu swali alilolipigania ndilo lililokuwa mezani siku ile, na limefika hadi Nairobi na Dar es Salaam.

Mjane na binti zake

Helena Florence Normanton alizaliwa London mwezi Desemba 1882. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa piano. Mwaka 1886, Helena akiwa bado mtoto mdogo, baba alikutwa amekufa ndani ya handaki la reli, shingo imevunjika. Mama yake, Jane, akabaki na mabinti wawili, Helena na mdogo wake Ethel, bila mtu wa kumtegemea. Akapangisha vyumba, kisha akahamia Brighton, mji wa pwani kusini mwa London. Huko akafungua duka la vyakula, na baadaye akaendesha nyumba ya kupokea wapangaji. Wanawake wa namna hii tunawajua sana. Kila mmoja wetu ana shangazi au bibi aliyelea watoto kwa maandazi na chumba cha kupangisha.

Helena alipokuwa na miaka kama 12, mama yake alikwenda kwa wakili kuuliza habari za nyumba na deni lake, akaenda na binti yake. Wakili akaeleza kwa maneno ya kisheria. Mama hakuelewa. Helena akaelewa, na wakili akaliona hilo, akatoa neno la mzaha kwamba bila shaka mtoto amefahamu. Mtoto hakufurahishwa na mzaha ule. Aliona mama yake anadharauliwa kwa kukosa ujuzi mdogo tu ambao wanaume wengi wa wakati ule walikuwa nao bila hata kwenda shule. Baadaye maishani, katika kitabu chake cha mwaka 1932 cha kuwafundisha wanawake sheria za kila siku, alieleza kwamba ni siku ile alipoamua kuwa wakili.

Nawaomba tuitazame vizuri picha hii. Jane Normanton alizungumza Kiingereza tangu kuzaliwa, na wakili alizungumza Kiingereza, na bado hawakusikilizana. Sisi wa ughaibuni hudhani kwamba shida yetu maofisini ni lugha. Lugha ni shida kweli, lakini hata mwenye lugha yake anaweza kutoka kwa wakili mikono mitupu, kwa kuwa sheria ina lugha yake nyingine juu ya ile ya kawaida.

Mlango uliofungwa

Kuamua ni jambo moja, na njia ni jingine. Mwaka 1896 Helena alipata ufadhili wa kusoma sekondari Brighton, akaanza kufundishwa ualimu huku akifundisha. Mwaka 1900 mama yake akafariki. Binti wa miaka 17 akaacha kazi ile ili asaidie kuendesha nyumba ya wapangaji na kumtunza mdogo wake. Baadaye alikwenda chuo cha ualimu cha Edge Hill, Liverpool, kati ya 1903 na 1905, akafundisha historia, na huku akifanya kazi akajisomea shahada ya Chuo Kikuu cha London, akafaulu daraja la kwanza mwaka 1912.

Elimu basi alikuwa nayo. Alichokosa ni ruhusa. Uingereza ina mawakili wa aina mbili: wa ofisini, wanaopokea mteja na kuandika hati, na wa mahakamani, wanaovaa joho na kusimama mbele ya jaji. Ili mtu awe wakili wa mahakamani ni lazima kwanza apokelewe na kimoja cha vyama vinne vya kale vya mawakili vilivyoko London. Hakuna hata kimoja kilichokubali mwanamke. Februari 1918, mwezi ule ule ambao Bunge liliwapa kura baadhi ya wanawake, Helena aliomba kuingia chama cha Middle Temple. Wakamkataa. Akapeleka malalamiko Baraza la Malodi.

Kabla malalamiko hayajafika mwisho, Bunge lilipitisha sheria ya kuondoa vizuizi vya jinsia katika kazi. Iliidhinishwa tarehe 23 Desemba 1919. Kesho yake, mkesha wa Krismasi, watu wakiwa katika pilikapilika za sikukuu, Helena alikuwa mlangoni pa Middle Temple na ombi lake mkononi. Akapokelewa, mwanamke wa kwanza kuingia chama chochote kati ya vile vinne. Alikuwa na miaka 37. Tangu siku ile ya Brighton ilikuwa imepita miaka 25.

Jina la baba

Mwaka 1921 aliolewa na mhasibu, Gavin Clark, lakini akaendelea kuitwa Normanton. Kwa Waingereza wa wakati ule lilikuwa jambo la ajabu, karibu la aibu. Mwaka 1924, alipotaka kusafiri kwenda Marekani, alikataa pasipoti yenye jina la mume, akashikilia mpaka akapewa yenye jina lake mwenyewe. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Kiingereza mwenye mume kupewa pasipoti ya namna hiyo.

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Unguja atacheka kidogo hapa. Kwetu Fatma binti Ali huolewa, huzaa, huwa bibi wa wajukuu, na siku ya kuzikwa bado ni Fatma binti Ali. Lakini asicheke sana. Ni wangapi kati yetu waliowahi kusimama mbele ya ofisa wa uhamiaji, wakaulizwa kwa nini jina la mke si la mume, na kwa nini jina la mtoto si la mama? Helena aliwajibu maofisa hao kabla yetu.

Kazi na kipato

Aliapishwa kuwa wakili tarehe 17 Novemba 1922, pamoja na wanawake wengine kadhaa. Miezi sita kabla, Ivy Williams alikuwa amekuwa mwanamke wa kwanza kuapishwa, lakini yeye alikwenda kufundisha sheria Oxford, hakusimama mahakamani. Helena alisimama. Alikuwa mwanamke wa kwanza kutetea Mahakama Kuu, na pia katika mahakama kuu ya jinai ya London iitwayo Old Bailey. Mwaka 1948 akawa wa kwanza kuongoza upande wa mashtaka katika kesi ya mauaji.

Orodha kama hii huvutia kusoma, lakini kila siku za maisha yake hazikuwa tamu hivyo. Wakili wa mahakamani wa wakati ule hakupata mteja moja kwa moja. Aliletewa kesi na wakili wa ofisini. Na mawakili wa ofisini, karibu wote wanaume, hawakuwa na haraka ya kumpa mwanamke kesi yenye fedha. Magazeti yalipomwandika, wenzake wakamshitaki kwamba anajitangaza, kosa kubwa kwa mawakili wa wakati ule. Yaani asiyepewa kazi alilaumiwa kwa kujulikana. Ili aishi aliandika makala katika majarida, na akapangisha vyumba nyumbani kwake, kama mama yake alivyofanya Brighton. Wanasheria na walimu wetu walioshuka ndege hapa na vyeti vyao kwenye begi, kisha wakajikuta wanabeba boksi usiku, wataelewa bila kuelezwa.

Alipoanza kazi, sheria ya talaka ilikuwa bado ile ya 1857. Mume aliweza kumwacha mke kwa kosa moja la uzinzi. Mke alitakiwa athibitishe uzinzi na kosa jingine juu yake: ukatili, kutelekezwa miaka miwili, au jambo jingine zito zaidi. Mwaka 1923 Bunge lilisawazisha, uzinzi ukatosha kwa pande zote mbili. Mwaka 1937 zikaongezwa sababu nyingine, kama ukatili, kutelekezwa miaka mitatu na wazimu usiopona. Katika miaka iliyoelekea sheria hiyo, Helena alikuwa akisimama katika mikutano ya wanawake kudai mageuzi, na alipingwa na wanawake wenzake walioona kwamba kulegeza talaka ni kuivunja ndoa yenyewe. Hoja yake ilikuwa kwamba ndoa iliyokwisha kufa hailindwi kwa kumfungia mtu ndani yake.

Lakini kupata talaka ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni swali alilolileta mama yetu kwa wakili: nyumba je?

Sheria iliyozaliwa naye mwaka mmoja

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Kwa sheria ya kale ya Kiingereza, mwanamke akiolewa alikuwa kama amefutika. Mali aliyokuja nayo, na hata mshahara wake, vilikuwa mikononi mwa mume. Wakati huo huo mwanamke Mwislamu wa pwani yetu, pamoja na mengine yote aliyobanwa nayo, aliolewa na mali yake ikabaki yake: mahari, shamba la urithi, nyumba. Uingereza ilibadilika kwa hatua. Sheria ya 1870 ilimwachia mke mshahara wake, na ile ya 1882, mwaka aliozaliwa Helena, ikamwachia mali yake yote.

Sheria hiyo ya 1882 ilikuwa ushindi mkubwa. Lakini ilikuwa na ufa. Ilisema, kwa ufupi, chake ni chake na cha mume ni cha mume. Mwanamke aliyetoka kwa baba tajiri, au mwenye mshahara, alinufaika. Lakini yule aliyepika, akafua, akazaa, akalea, akamtunza mama mkwe, huku mume akipokea mshahara na kununua nyumba kwa jina lake, alikuwa na nini cha kukiita chake? Hakuwa na kitu. Sheria haikumdhulumu kwa makusudi. Ilihesabu fedha tu, na yeye hakuwa na stakabadhi.

Ufa huu ulionekana wazi mwaka 1943. Mke mmoja alikuwa amejibana katika pesa za matumizi, akaweka akiba ya zaidi kidogo ya pauni 100 katika duka la ushirika. Ndoa ilipoharibika, mume akazidai. Mahakama ya Rufaa ikaamua ni za mume: pesa za matumizi zilitoka kwake, na kilichobaki kinarudi kwake. Kila mama anayejua kubana sokoni ili abakishe cha kibubu aelewe maana ya hukumu ile. Mkono wa mke ulikuwa na ruhusa ya kutumia, haukuwa na ruhusa ya kubakisha.

Kulikuwa na chama cha wanawake walioolewa kilichoanzishwa mwaka 1938, rais wake wa kwanza akiwa Edith Summerskill, daktari na mbunge. Helena naye alikuja kukiongoza. Serikali ilipounda Tume ya Kifalme ya kuchunguza ndoa na talaka mwaka 1951, aliandaa maelezo ya chama kuhusu haki ya mke katika fedha na mali ya nyumba. Baadhi ya wanachama wakaona maelezo yake yanawaonea wanaume. Ugomvi ukakua, na mwaka 1952 chama kikagawanyika. Yeye na wenzake wakaondoka wakaunda baraza lao. Alikuwa mtu mgumu, asiyejua kupunguza sauti, na hilo lilimgharimu marafiki. Tume ilitoa taarifa yake mwaka 1956, na sheria ya mali haikubadilika akiwa hai.

Mwaka 1949 alipewa cheo cha Wakili wa Mfalme, yeye na Rose Heilbron siku moja, wanawake wa kwanza kukipata England na Wales. Heilbron alikuwa na miaka 34. Helena alikuwa na 66. Mmoja alivikwa heshima hiyo akiwa katikati ya safari, mwingine akiwa karibu kupumzika. Mwaka 1956, Brighton ilipoanza kuchangisha fedha za kujenga chuo kikuu, mchango wa kwanza ulitoka kwake, kuushukuru mji uliomsomesha. Alifariki Oktoba 1957. Chuo hicho, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Sussex, kilipata hati yake mwaka 1961.

Yale aliyoyapigania yalifuata nyuma ya jeneza. Mwaka 1964, kwa mswada wa Summerskill, akiba ya pesa za matumizi ilihesabiwa nusu kwa nusu. Mwaka 1970 Bunge likawaagiza majaji, wanapogawa mali baada ya talaka, watazame pia kazi ya kutunza nyumba na kulea. Na Oktoba 2000 Baraza la Malodi, katika shauri la White, likasema kwamba haifai kumbagua aliyelea watoto dhidi ya aliyeleta fedha. Kutoka Jane Normanton kwa wakili wa Brighton hadi hukumu ile ni zaidi ya miaka 100.

Ufa ule ule, kwetu

Sheria ya 1882 haikukaa Uingereza peke yake. Ilisafiri na ukoloni, na ukoloni ulipoondoka ikabaki. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba inatumika nchini humo, na ikaendelea kutumika wakati Waingereza wenyewe walishaanza kuirekebisha. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa ya Kenya, katika shauri la Echaria, ilikataa kuhesabu kazi ya nyumbani ya mke kuwa mchango katika mali, ikaona ni juu ya Bunge kubadili sheria. Ilibidi ije katiba ya 2010, iliyosema mume na mke wana haki sawa wakati wa ndoa na inapovunjika, na kisha Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, iliyotaja kazi za nyumbani, malezi na kazi ya shamba kuwa ni mchango. Kwa hiyo wake wa Kenya waliishi na sheria aliyozaliwa nayo Helena kwa zaidi ya miaka 50 baada ya yeye kufariki. Na Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifafanua kuwa usawa huo haumaanishi nusu kwa nusu ya moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe mchango wake.

Tanzania Bara ilishika njia yake mapema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimwagiza hakimu atazame mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi. Je, kupika na kulea ni kazi? Majaji walitofautiana, mpaka mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipojibu: ndiyo, ni kazi, na inahesabiwa. Hiyo ni miaka 17 kabla ya hukumu ya White kule London. Tunapenda kuambiwa kwamba haki hutoka Ulaya ikaja kwetu. Tarehe hizi mbili zikumbukwe.

Lakini historia ni lazima tuisimulie yote. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za biashara ya familia, naye akazitumia ovyo, na kwa hiyo fungu lake lilikwisha. Alishinda hoja, akakosa nyumba. Tangu hapo wanawake wengi wameingia mahakamani na jina lake mdomoni mwa mawakili wao, wakatoka na fungu ambalo yeye hakulipata. Helena naye, vivyo hivyo, hakuuona mwaka 1964.

Tukirudi kwa mama yetu

Sasa wengine mtauliza, kama sheria ya Uingereza imefika mbali hivyo, kwa nini mama yule aliambiwa hana kitu? Jibu ni kwamba milango yote hii humfungukia mke, na kwa sheria ya hapa yeye hakuwa mke. Nikah iliyofungwa katika ardhi ya Uingereza bila kufuata taratibu za ndoa za serikali haihesabiwi kuwa ndoa. Februari 2020 Mahakama ya Rufaa iliamua hivyo katika shauri la nikah iliyofungwa London mwaka 1998, na watu wale walikuwa wameishi pamoja miaka mingi na kuzaa watoto wanne. Anayeachwa katika hali hiyo hawezi kudai mgawo wa mke. Njia iliyobaki ni ndefu na ya gharama: kuthibitisha kwamba alichangia fedha zake katika nyumba, au kwamba walikubaliana iwe ya wote wawili. Nikah iliyofungwa nyumbani kwa kufuata sheria za huko, Zanzibar au Mombasa tuseme, kwa kawaida hutambuliwa hapa. Kwa hiyo wawili waliooana Zanzibar na wawili waliooana sebuleni London, kwa shekhe yule yule na khutba ile ile, wanasimama mbele ya jaji huyu wakiwa watu tofauti kabisa.

Mama yetu alikuwa akisafisha maofisi alfajiri. Mshahara wake ulinunua chakula, nguo za watoto na nauli zao. Wa mume ulilipa mkopo wa nyumba. Mgawanyo wa kawaida kabisa, wala hakuna aliyekuwa na nia mbaya walipoupanga. Lakini chakula huliwa kikaisha, na risiti yake hutupwa. Mkopo wa nyumba hubaki benki kwa jina la mlipaji. Ni ufa ule ule wa 1882.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenye mabinti na wadogo wanaoolewa hapa, shekhe akimaliza, waende na kwa msajili. Haipunguzi baraka. Waume wenye nia njema nao waandike majina mawili kwenye hati, maana nia njema haisomeki mahakamani. Na mwenye kesi ya familia ajue kwamba mahakama za hapa hutoa mkalimani akiombwa mapema; mtoto asipelekwe kufanya kazi hiyo. Msaada wa serikali wa kulipia mawakili katika mashauri mengi ya familia uliondolewa Aprili 2013, ukabaki hasa kwa wenye ushahidi wa kudhulumiwa nyumbani. Kwa hiyo ule ujuzi mdogo aliouzungumzia Helena una thamani zaidi leo kuliko tulivyodhani.

Ukitoka SOAS, mahali ambapo wengi wetu tumepita kusoma au kufundisha Kiswahili, ukatembea kama robo saa kuelekea mashariki, utafika Mecklenburgh Square. Nyumba namba 22 ina kibao cha buluu ukutani chenye jina la Helena Normanton. Kilizinduliwa mwaka 2021 na Brenda Hale, mwanamke wa kwanza kuwa rais wa Mahakama ya Juu ya Uingereza. Nimekwenda mara mbili kukitazama. Ni kibao kidogo, na watu hupita bila kuinua macho.

Siku ile tulipotoka kwa wakili tulipanda basi sote watatu. Mama alikaa dirishani, hakusema neno. Binti alikuwa amesimama karibu nami, ameshika bomba. Tulipofika kituo cha pili akaniuliza kwa sauti ya chini, ili mama yake asisikie:

"Mjomba, nilitafsiri sawa?"

Nikamwambia alitafsiri sawa. Akatikisa kichwa, akanyamaza, kisha akasema, "Nilidhani labda nimekosea."